Nilimjua kwa Mikono

Miaka tisa niliinama mbele yake
nikimtazama kwa chini, kati ya miguu yangu,
dunia ikiwa kichwa chini miguu juu:
anga limekuwa sakafu, mashabiki wananing'inia kama popo,
na yeye, Orest Pawluk, mtoto wa wakulima wa Yorkton,
ni buti mbili tu na sauti.
Uso wake waulizeni wapiga picha.
Mimi nilijua mikono.

Wa kushoto ulitangulia, baridi kama kufuli.
Wa kulia ulikuwa na kovu la mashine ya kuvunia ngano.
Akiogopa, kidole gumba kilicheza.
Sikumwambia mtu. Hata yeye.

Walipomchagua, karibu wa mwisho, kocha alisema:
"Mkanada harushi. Mkanada anadaka, anakaba, anapiga teke.
Warushaji tunaagiza kusini, kama machungwa."
Orest akasema sawa,
asiuachie mpira.
Misimu mitano alishika ubao wa karatasi pembeni,
akamshikia mpira mpiga teke, akawaletea wakubwa kahawa.
Mchumia juani hulia kivulini;
huyu alichumia barafuni, na kivuli kilikuwa baridi zaidi.

Kisha Septemba, Jumatatu ya wafanyakazi,
kifundo cha mguu cha Mmarekani kikalia kama kuni kavu.
Nilikisikia.
Orest akaingia, helmeti inampwaya.
Gumba linacheza.
Nikampa mpira.

Hapa kwetu majaribio ni matatu.
Jirani wa kusini ana manne: anakosea, anajuta, anakosea tena.
Sisi ukikosa mara mbili, akili inakuambia piga teke,
mpe adui mpira, uombe Mungu.
Orest hakuipenda akili hiyo.
Yadi moja, yadi tisa, upepo unakata masikio,
"Tunaenda," basi. Na tulikwenda.
Misimu mitatu Saskatoon nzima ilikwenda nasi,
kina mama wakishona namba yake kwenye makoti ya theluji.

Fainali ya Novemba. Ishirini na nne kwa ishirini na nne.
Sekunde ya mwisho mpiga teke wao akakosa goli,
nikaona mwenyewe, alikosa kwa umbali wa lori,
mpira ukapita nyuma, ukatoka uwanjani mwetu,
na sheria yetu ya ajabu ikawapa pointi moja.
Kwingine kukosa ni kukosa.
Orest alikuwa amesimama pembeni, blanketi mabegani,
mikono haina kitu.
"Hata sikuwepo uwanjani," aliniambia kwenye basi.
Akarudia Moose Jaw. Akarudia tena tukikaribia nyumbani.

Bega lilipasuliwa mara mbili.
Walimuuza Hamilton saa kumi na mbili asubuhi, kwa simu,
akikaanga mayai. Alimaliza kuyakaanga, akala.
Nilimtazama kwenye televisheni akipokea mpira
kutoka kwa makalio ya mtu mwingine,
nikaona wivu, naam, wivu wa mke.
Hamilton nao wakamwacha mwezi Juni,
vitu vyake kwenye mfuko wa taka.

Sasa anaendesha basi la shule.
Oktoba nilimtembelea; mashine ya kukaushia nafaka inanguruma,
Halyna ametupikia kabichi. Baada ya kula
akachukua mpira juu ya friza.
"Inama, mzee."
Magoti yangu yana vyuma. Niliinama.
Anga likawa sakafu, shamba likawa dari,
na buti mbili zikasimama pale pale.
Mkono wa kushoto ukaja kwanza.
Gumba lilitulia.
Au lilicheza; glavu zilikuwa nene.
"Tunaenda," akasema.
Mpira ukasafiri kama hatua saba,
ukaangukia kwenye mabua.
Mbwa akautazama, akalala tena.